Kupasua na kukausha mbao za miti iliyoanguka Lamu

Masika yakikolea na kusi likaanza kukaza, miti mikongwe ya Lamu huanguka: miembe ya mashamba ya Matondoni na Kipungani, miarobaini ya uani, minazi iliyochoka, mivinje ya kando ya ufuo. Mingi huishia kuni, au hulishwa tanuri la chokaa. Ni hasara. Gogo la mwembe lenye kipenyo cha sentimita 50 na urefu wa futi 8 lina karibu nusu mita ya ujazo, na likipasuliwa vizuri hutoa mbao pana kumi za inchi moja.

Mbao hizo haziharibiwi na msumeno. Nyingi huharibika baadaye, zikianikwa juani kama ng'onda: zinapasuka ncha, zinajinyonga, fundi anazikataa. Mbao hukaushwa na upepo kivulini. Jua huzuiwa kwa paa.

Gogo lipi lichukuliwe

Kwanza karatasi. Mti ukiwa wa shamba lako au la jirani aliyekupa, pata ruhusa ya ofisi ya Huduma ya Misitu (KFS) kabla ya kusafirisha magogo au mbao, na chifu ajue. Bila hati hiyo mzigo unaweza kuzuiwa njiani, iwe ni gatini au kwenye barabara ya Mokowe. Mikoko usiiguse bila leseni hata kama imekwisha anguka.

Mwembe ndio rahisi kuanzia. Ni laini kwa msumeno, hukauka upesi, na hutoa mbao pana. Ubaya wake ni kwamba umejaa wanga, kwa hiyo ukungu na fukusi huupenda mno. Gogo la mwembe likilala chini mwezi mmoja wakati wa mvua, ndani tayari lina madoa ya kijivu. Madoa hayapunguzi nguvu sana, lakini mteja hayataki. Utomvu wake pia huwasha ngozi. Vaa mikono mirefu.

Mwarobaini una kiini chekundu kizuri kisichopendwa sana na wadudu, lakini nyuzi zake hupishana, hivyo hujinyonga usipobanwa kwa uzito. Mvinje ni mgumu na mzito, hupasuka kwa kishindo ukikauka; tunaona ni afadhali uutumie kama nguzo kuliko kuutesa kuwa ubao. Mbambakofi ukibahatika kuupata, hata kipande cha futi tatu, usikipoteze: husinyaa kidogo sana na hutulia mahali pake, ndiyo maana mafundi wa milango wanauthamini.

Matawi yaliyopinda usiyapasue mbao. Tawi lenye kona ya asili ni taruma (ubavu) la jahazi lililokwisha chongwa nusu, na mafundi wa Matondoni watalinunua likiwa bichi. Ukilinyoosha kwa msumeno unapata ubao mbaya na unapoteza taruma zuri.

Magogo yaletwayo na bahari wakati wa bamvua yanahitaji tahadhari ya pekee. Kata kipande cha ncha, sentimita 20, uangalie. Ukiona matundu ya mviringo yenye utando mweupe mgumu ndani, wadudu wa baharini wameshaishi humo. Utando ule ni chokaa na unaua makali ya mnyororo. Matundu yakiwa machache na ya nje tu, gogo bado lina faida. Lakini chumvi inabaki. Mbao yenye chumvi huvuta unyevu wa hewani na haionekani kukauka kabisa, na misumari ndani yake hula kutu upesi. Iachie mvua ya masika iioshe, au imwagie maji ya kisima mara kadhaa baada ya kuipasua, na uitumie kwa kazi za nje.

Siku ya kwanza: ncha na chuma

Maji hutoka kwenye ncha ya gogo mara kumi au zaidi kwa kasi kuliko ubavuni, kwa sababu mirija ya mti inafunguka hapo. Ncha husinyaa kabla ya katikati, ikapasuka. Kwa hiyo saa ile ile unapokata gogo kwa urefu, paka ncha zote mbili rangi ya mafuta iliyobaki dukani, nta iliyoyeyushwa, au lami nyepesi. Paka mara mbili, nene. Kupaka kesho yake ni kuziba ufa ambao umeshaanza. Hauonekani, lakini upo.

Urefu uzidishe: ukitaka mbao za futi 8, kata futi 8 na inchi 8. Inchi nne za kila ncha zihesabu kuwa zimekwenda.

Ukikata mti uliolala na mizizi yake, jua kwamba kisiki kinaweza kuruka kurudi shimoni shina likishatengana nacho. Asisimame mtu, wala mtoto asicheze, upande wa mizizi.

Mti wa uani una chuma. Watu wamefunga kamba za nguo, wamegongomea vibao, wamezungushia waya wa mbuzi, na mti umemeza vyote. Doa jeusi au la buluu kwenye ncha iliyokatwa ni dalili ya msumari karibu, kwa sababu chuma hukutana na tanini, kemikali iliyo ndani ya mti, na kuugeuza rangi. Futi sita za kwanza kutoka ardhini ndizo hatari zaidi. Ukiweza kuazima kifaa cha kutafutia chuma, kipitishe pande zote nne. Kisha bandua gome kwa shoka au panga. Gome lililoburutwa mchangani linabeba mchanga, na mchanga unaua makali kabla hujamaliza ubao mmoja. Tena fukusi na mchwa hujificha chini yake.

Kupasua

Peleka msumeno kwenye gogo. Gogo bichi la kipimo tulichotaja lina uzito wa kilo mia nne na zaidi, na kisiwani hakuna lori la kulifuata shambani. Mbao kumi punda atazibeba kwa safari chache.

Njia mbili zinawezekana. Msumeno mrefu wa watu wawili, mmoja juu ya jukwaa na mmoja chini, hula milimita 3 au 4 tu za mti na hauhitaji petroli, lakini unahitaji watu waliozoeana. Njia ya pili ni msumeno wa mnyororo, pawa kama unavyoitwa, uliofungwa kwenye fremu ya kupasulia inayoshika bapa la msumeno na kupima unene wa ubao. Injini iwe ya sisi (cc) 70 kwenda juu, na kwa gogo linalozidi sentimita 50 afadhali 90. Injini ndogo itapasua, ila itaungua.

Mnyororo wa kawaida umenolewa kwa kukata mti kwa upande, meno yakiwa na pembe ya digrii 30 hivi. Kupasua kwa urefu wa nyuzi kunataka digrii 10. Si lazima ununue mwingine: mnyororo ule ule ukiunoa kwa tupa kwa pembe hiyo, taratibu, utakuja. Noa kila baada ya mbao mbili. Ukiona unga badala ya nyuzinyuzi za mti, umechelewa kunoa. Mkato ukianza kupinda kwenda upande mmoja, meno ya upande mmoja ni butu kuliko ya mwingine.

Petroli ichanganywe na oili kwa uwiano ulioandikwa na mtengenezaji, mara nyingi 50 kwa 1, yaani mililita 20 za oili kwa lita. Kila mkato ukiisha, acha injini ingurume taratibu dakika moja kabla ya kuizima, maana kupasua kunaiendesha kwa nguvu zote kwa muda mrefu. Miwani, viziba masikio, viatu vigumu. Kikoi na kanzu viache nyumbani.

Laza gogo juu ya vigogo viwili, ulikabari pande zote. Mkato wa kwanza hauna uso ulionyooka wa kufuata, kwa hiyo funga ubao wa inchi 2 kwa 8 ulionyooka, au ngazi ya alumini, juu ya gogo kwa skurubu fupi, na upime kwa pimamaji ncha zote mbili. Hapa ndipo wengi huharibu: ngazi ikiinama upande mmoja, mbao zote zitakazofuata zitajinyonga vivyo hivyo. Gogo huwa nene upande wa shina. Inua upande mwembamba mpaka moyo wa mti, kitovu cha pete zinazoonekana kwenye ncha, ulale sawa na njia ya msumeno. Mbao zitakazotoka zitakuwa na nyuzi zinazokwenda toka ncha hadi ncha, nazo hazipindi sana.

Baada ya hapo fremu inateleza juu ya uso uliokatwa. Kila unapokwenda nusu mita, chomeka kabari ndogo ya mti nyuma ya msumeno ili ubao usikalie bapa. Kama ungependa ubao wa inchi moja ukishapigwa randa, pasua milimita 30. Mnyororo unakula milimita 9 hivi kila mkato. Katika mbao kumi ni sentimita tisa za gogo zinazogeuka unga. Ndiyo bei ya njia hii. Mashine ya utepe, yenye msumeno mwembamba unaozunguka kama mkanda, ingekula milimita 3 na kukupa mbao mbili zaidi, lakini lazima uipelekee gogo.

Mbao zinazopita katikati ya gogo zitakuwa na moyo. Ubao wenye moyo utapasuka, hakuna dawa. Upasue katikati, utoe inchi mbili au tatu zenye moyo, ubaki na mbao mbili nyembamba zenye nyuzi zilizosimama. Hizi ndizo bora kuliko zote za gogo: ziweke alama ya chaki, ni za fremu za milango na uso wa meza. Mbao za nje zaidi zitabonyea kidogo zikikauka, na bonde lake litakuwa upande ulioelekea gome, kwa sababu mti husinyaa karibu mara mbili zaidi kufuata duara la pete kuliko kuelekea moyo. Ukilijua hilo mapema hutashangaa.

Mnazi hauna moyo wala pete, na sheria yake ni nyingine. Ugumu uko nje, katikati ni laini kama unga, kwa hiyo chukua inchi mbili za nje pande zote na katikati tupa. Tena una silika nyingi, madini magumu kama ya mchanga. Bila meno ya kabaidi, yaliyo magumu kuliko chuma cha kawaida, utanoa kutwa. Na uupasue wiki ile ile, sukari yake huleta ukungu ndani ya siku chache.

Dawa, siku ile ile

Kwa mwembe na mnazi, na kwa sehemu nyeupe ya nje ya mti wowote, paka boroni, dawa ya kuzuia fukusi, mbao zikiwa bado mbichi. Chukua gramu 600 za boraksi na gramu 400 za asidi ya boriki, uziyeyushe katika lita 9 za maji ya moto, ukoroge mpaka yawe maangavu bila chembe. Paka kwa brashi pande zote mara mbili, kisha rundika mbao ziguse na uzifunike nailoni siku mbili au tatu, dawa izame. Usizidishe siku hizo, la sivyo unafuga ukungu. Boroni husafiri ndani ya mti kwa njia ya maji, ndiyo sababu haizami vizuri kwenye ubao mkavu. Mvua huiosha, kwa hiyo ni ya mbao za ndani ya nyumba. Vaa glavu, na ndoo usiiache mahali punda atakunywa.

Rundo

Chagua mahali penye upepo. Uani mwa nyumba ya mawe, pamezungukwa na kuta, ni kivuli kizuri lakini hewa imelala, na mbao huota ukungu mweusi. Ukumbi wa makuti ulio wazi pande zote ndio bora. Kaskazi hutoka kaskazini mashariki. Ukielekeza ubavu mrefu wa rundo huko, upande wa pili utaipokea kusi kwa mshazari, na hewa itapita katikati ya mbao misimu yote miwili.

Jenga nguzo fupi za mawe ya matumbawe au matofali, sentimita 45 kutoka ardhini, kila sentimita 40 kwa mbao za inchi moja, kila 60 kwa za inchi mbili. Juu ya kila nguzo weka kipande cha bati kinachotokeza kando, ili mchwa akipanda aonekane. Kagua kila wiki na uvunje njia zao za udongo. Juu ya nguzo laza vibebeo, mbao za inchi 4 kwa 4 zinazobeba rundo, vilivyonyooka, uvipime kwa uzi. Rundo hufuata vibebeo. Kibebeo kimoja kikizama, mbao zote zitakauka na mgongo.

Kati ya safu na safu weka papi (vijiti vya mbao) za inchi moja kwa inchi moja, kavu kabisa. Usitumie vijiti vibichi vya mkoko: tanini yake huacha mistari ambayo randa haiitoi. Kwa mbao za inchi moja, papi ziwe kila sentimita 40. Za inchi mbili, kila 60. Papi ya kwanza na ya mwisho ziwe kwenye ncha kabisa za mbao. Papi zisimame mstari mmoja toka chini mpaka juu, kila moja juu ya mwenzake na juu ya kibebeo. Papi iliyokwenda kando hata inchi tatu hukunja ubao wa chini yake. Acha nafasi ya vidole viwili kati ya ubao na ubao, na rundo lisizidi futi nne kwa upana.

Mbao mbovu ziende juu, zikiharibika zimeharibika. Kisha uzito: mawe au matofali ya saruji yapatayo kilo 250 kwa kila mita ya mraba, yakikalia papi za juu kabisa. Kwa mwarobaini ongeza. Paa la makuti au bati litokeze nusu mita kila upande.

Wiki tatu za kwanza ndizo hatari. Ukipasua wakati wa kaskazi, funga magunia upande unaopokea upepo, hasa kwa mwarobaini na miti mizito, na uyaondoe kidogo kidogo. Upepo mkali ukikausha uso wakati ndani kumejaa maji, uso hukakamaa na ubao hupasuka kwa ndani. Utaligundua baadaye, msumeno ukibanwa katikati ya kazi. Masika shida ni kinyume: hewa imeshiba maji na ukungu unaota. Hapo panua nafasi kati ya mbao, ondoa kila kizuizi, na ukungu wa juu uufute kwa brashi kavu.

Zimekauka?

Kusikia uzito mkononi hakutoshi. Kama huna kipima unyevu, tumia mizani ya jikoni. Kata kipande cha inchi moja kutoka futi moja ndani ya ubao, si kwenye ncha. Kipime papo hapo. Kitie kwenye oveni ya digrii 103, ukipime tena na tena mpaka uzito usishuke. Ondoa uzito mkavu kwenye uzito mbichi, gawanya kwa uzito mkavu, zidisha kwa mia. Kipande cha gramu 180 kilichoishia 120 kilikuwa na unyevu wa asilimia 50.

Sasa pima ubao mzima uliokitoa kipande hicho. Ukiwa kilo 6 kwa asilimia 50, mti mkavu ndani yake ni kilo 4, na kwa asilimia 15 utakuwa na kilo 4.6. Andika namba hiyo kwa penseli kwenye ubao wenyewe, urudishe katikati ya rundo mahali unapoweza kuuchomoa, uupime kila Ijumaa. Mwembe wa inchi moja unaweza kufika hapo kwa miezi miwili au mitatu ya kaskazi. Mwarobaini wa inchi mbili hesabu nusu mwaka au zaidi.

Uzito ukigoma kushuka kwenye asilimia 14 hadi 16, usidhani rundo lina kasoro. Hewa ya Lamu ina unyevu wa asilimia 75 hadi 80 muda mwingi, na ubao husimama pale hewa inaposimama. Kwa kitanda au mlango wa nyumba ya Mkomani, mtaa wa hapa Lamu, hapo pamefika, anza kazi.

Meza ya kwenda Nairobi ni jambo jingine. Ndani ya nyumba ya huko ubao utashuka mpaka asilimia 11 au 12, na uso wa meza wenye upana wa mita moja unaweza kusinyaa karibu sentimita moja. Ukiwa umegundishwa na kupigiliwa pande zote utapasuka sebuleni kwa mteja. Mbao za kazi hiyo, zikishafika 20 kwa upepo, ziingize kwenye kibanda cha jua: fremu ya mbao, paa la nailoni ngumu inayopitisha mwanga likielekea jua, bati lililopakwa rangi nyeusi juu ya mbao, feni moja au mbili za sola za kuzungusha hewa, na vidirisha viwili nyuma. Kila mita ya mraba ya paa hilo inatosha robo mita ya ujazo ya mbao. Siku za kwanza vidirisha viwe wazi, maji yatoke. Kadiri uzito unavyoshuka vizibe. Usiku feni zizimwe, hewa irudishe unyevu kidogo kwenye uso wa mbao, jambo linalolegeza mkazo ndani yake. Ukitoa mbao, usiziache wazi kwenye upepo wa bahari. Zirundike zikigusana, bila papi, uzifunge nailoni mpaka siku ya kuzikata.